Mama Alibaki Mbalizi

Jumatatu, 5 Agosti 1957. Iringa

Nimemaliza kanzu ya bwana harusi. Kola imenisumbua, nimeifumua na kuishona upya. Cherehani nimeifunika, kesho safari. Bwana Sefu, jirani yetu muuza nguo, amekodi basi zima kumpeleka mwanawe kuoa Abercorn, ng'ambo ya mpaka. Nusu ya mtaa inakwenda. Zuhura, mke wangu, anasema Mama tumwache. Siku hizi anasahau, juzi alipotea akitoka kisimani. Mama kasikia, kanuna, kagoma kula. Nikasema basi, atakwenda. Mimi ndiye niliyesema.

Jumanne, 6 Agosti. Mbeya

Vumbi mpaka kwenye meno. Wanaume mbele, wanawake nyuma, nyimbo za harusi njia nzima. Mama kaimba kuliko wote. Tunalala kwa ndugu zake Bwana Sefu. Baridi inauma mifupa. Mama kaniuliza mara mbili kama hapa ndipo nyumbani.

Jumatano, 7 Agosti. Tunduma, mpakani

Mama hayupo.

Askari wa mpaka katushusha wote tukaguliwe mmoja mmoja. Wanawake wameshuka, Mama hakushuka. Nimeingia basini, nimechungulia hadi chini ya viti. Sweta lake lipo kitini. Yeye hayupo.

Zuhura alidhani Mama kahamia mbele kukaa nami. Mimi nilijua yuko nyuma na wenzake. Tangu Mbeya tulisimama mahali pamoja tu: Mbalizi, asubuhi, sokoni, watu wanywe chai na kwenda haja. Sasa jua liko utosini.

Nimemwomba Bwana Sefu turudi. Kaangalia chini.

"Athumani, ndugu yangu, ndoa ni Ijumaa. Barabara unaiona mwenyewe. Nikiligeuza basi hili, sifiki."

Nimemkaba kanzu mbele ya watu. Wametuachanisha.

Zuhura alitaka arudi nami. Nikamwambia, "Nenda na harusi yako." Mbele ya wanawake wenzake. Kapanda analia. Basi limevuka. Mimi niko kando ya barabara, nimeshika sweta, naomba kila lori linalopita.

Alhamisi, 8 Agosti. Mbalizi

Lori la mahindi lilinifikisha jana magharibi. Leo nimezunguka soko mpaka watu wamenizoea. Kila mtu ana lake. Mmoja alimwona kakaa karibu na wauza ndizi. Mwingine anasema bibi huyo alikuwa mnene. Mama si mnene. Wasafwa wanasemezana kwa lugha yao, kisha mmoja ananiambia kwa kifupi: hatujui.

Nimeshuka mtoni. Nimetazama majini nikiogopa kuona rangi ya kanga. Si jambo la kuandika. Nimeliandika.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Mama ana gauni na kanga mbili tu mwilini. Polisi wameniuliza ana umri gani. Sijui, hata yeye mwenyewe hajui. Wakaniambia ningoje. Ningoje nini?



Ijumaa, 9 Agosti. Mbeya

Baada ya swala ya Ijumaa, Mbalizi, imamu kawatangazia watu habari ya Mama. Mchoma mkaa mmoja kanifuata nje. Jumatano alikutana na bibi kwenye barabara ya kwenda Mbeya, anauliza njia ya Iringa.

"Nikamwambia Iringa mbali, bibi. Akasema hawezi kukaa, ana mtoto kamwacha peke yake nyumbani."

Mtoto huyo ni mimi. Hana mwingine.

Na mimi mjinga namtafuta Mbalizi na upande wa mpaka, kumbe mwenzangu anarudi kwetu. Nimekimbia barabarani mpaka Mbeya kama mwendawazimu, mtu mzima na kofia mkononi. Nimegonga nyumba hadi nyumba. Mwanzo wa mji walimwona. Mwisho wa mji hakuna aliyemwona. Nimemlaani Sefu. Nimemlaani Zuhura. Nimejilaani. Kisha nimekaa chini nje ya duka la mtu nikalia, wateja wakanipita.

Mungu, hata kama ni maiti, nipe nimzike.

Jumamosi, 10 Agosti. Uyole

Nimempata. Yu hai. Nilifuata barabara ya Iringa nikiuliza, wauza viazi wakanielekeza hapa.

Mkulima wa viazi, Mnyakyusa, wanamwita Mama Sekela, alimkuta juzi kalala kwenye matuta ya shamba lake, miguu imevimba, hawezi kusema. Kambeba mgongoni mpaka kwake. Kamlaza kando ya moto, kamfunika blanketi la wanawe. Kiswahili chake kidogo. Aliponiona nalia mlangoni alisema, "Wewe mtoto yake? Usilie. Jana hapana kula. Leo anakula."

Nimepiga magoti. Mama kanitazama.

"Wewe ni wa nani?"

"Wako, Mama."

"Haya. Kaa basi."

Ana homa bado. Anakohoa. Nimemshika mkono na hakuuondoa. Mama Sekela katuletea viazi, akatoka nje akatuacha.

Jumatano, 14 Agosti. Iringa

Tulifika jana kwa lori, Mama mbele na dereva. Homa imeshuka.

Basi la harusi limerudi leo mchana. Bwana Sefu kaja mpaka mlangoni, kasimama. Sikumkaribisha. Sikumfukuza. Baadaye kaondoka.

Zuhura kaingia moja kwa moja kwa Mama, hata buibui hajavua. Kamkanda miguu kwa maji ya vuguvugu, taratibu, kidole kwa kidole. Mimi nilikuwa nachochea moto, naongeza maji. Hatujasemezana.

Jioni nimeanza kuburuta kitanda changu, nikiweke mlangoni mwa chumba cha Mama, asitoke bila mimi kujua. Kizito. Zuhura kashika upande wa pili.