Chini ya Sifuri

Westville, Durban
14 Juni

Dada Clementina,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama na watoto, na goti la mama liwe limepata nafuu. Mimi mwilini sijambo. Baridi ya Juni imeingia, nasoma nimejifunika blanketi, na chakula napata. Nimemkabidhi Marwa, ninayesoma naye chuoni, aikulete kwa mkono kwa sababu anarudi Bukoba kumwuguza baba yake, na kwa sababu nililo nalo siliwezi kwenye simu, ambako kila mara unaniuliza mbona siwashi kamera.

Uliniuliza pia kama nina watu huku. Ninao, au nilidhani ninao. Kila Jumamosi mchana tunakutana watu wa Kiswahili, Wakongo wengi na Watanzania wachache, katika ukumbi wa kanisa moja Morningside, tunasoma mantiki. Usicheke. Tunaichukua hoja moja na kuichambua mpaka chai inapoa. Mwenyekiti wetu ni Barthélemy, aliyekuwa akifundisha hisabati Bukavu kabla vita havijamtoa. Ni mahali pekee ambapo hakuna anayeniuliza nitafunga ndoa lini.

Mwezi uliopita tulisoma makala iliyodai kwamba katika vikundi kama chetu, vya watu wanaopenda mantiki kupita kiasi, huwa kuna watu transi wengi kuliko mtaani. Yaani mtu aliyezaliwa akaitwa mvulana kumbe ni mwanamke, au kinyume chake. Hardy, ambaye yuko ofisi ya meli bandarini, alicheka mpaka akapiga meza. Akasema ile maneno iko ya Ulaya, kwetu haiko hata moja, labda tutafute ndani ya friji ya pasta wa kanisa hii. Barthélemy akamwambia, "Mon cher, rafiki yangu, 'haiko' ni jibu ya hesabu. Wewe umehesabu?" Ndipo Barthélemy akaamua tuhesabu kweli. Akipatikana hata mmoja, alisema, ataingiza katika kanuni za kikundi kwamba mtu huyo ni mwenzetu, na anayemdhihaki atoke. Asipopatikana, mjadala ufungwe kabisa. Kazi akanipa mimi, kwa kuwa ndiye ninayesoma takwimu chuoni.

Dada, sijawahi kuitaka namba kama nilivyoitaka ile.

Iko njia ya kuuliza jambo la aibu bila kumfichua mtu. Kila mmoja anarusha sarafu peke yake, akiificha kiganjani. Yetu ilikuwa ile ya randi tano, yenye picha ya nyumbu upande mmoja. Akitokea nyumbu, unaandika "Ndiyo", uwe transi usiwe. Ukitokea upande wa pili, unaandika ukweli wako. Hivyo hakuna awezaye kumnyooshea kidole aliyeandika "Ndiyo", maana huenda ni sarafu tu iliyomwamuru. Tulikuwa thelathini na sita. Hata kama hakuna transi hata mmoja, nyumbu peke yake angetupa "Ndiyo" kama kumi na nane. Zikizidi hapo, ile ziada ndiyo inayoonyesha kwamba wapo, na ukiizidisha kwa mbili unapata idadi yao, maana nusu yao wamefichwa na nyumbu. Niliwaeleza mara mbili. Laurette, mwenye saluni, akauliza kama nyumbu atamwambia pasta wake. Wakacheka wote.

Vikaratasi vikarudi kwenye kofia ya Hardy. "Ndiyo" zilikuwa kumi na moja.

Nilirudia kuhesabu, kisha nikaandika ubaoni kama hesabu inavyotaka: pungufu ya saba, mara mbili. Jibu lilikuwa hasi kumi na nne. Hardy akasimama kwenye kiti akipiga makofi. "Eish! Siyo zero, iko chini ya zero! Hata wenye hawajazaliwa hawataki!" Barthélemy peke yake hakucheka. Alielewa haraka kuliko wengine. Akauliza nani alitokewa na nyumbu akaandika "Hapana". Mwishowe Laurette akainua mkono nusu, akasema pardon, papa Barthélemy, aliona nyumbu vizuri kabisa, lakini mkono ulikataa. Mtu mwenye watoto ataandikaje kitu kama ile, hata kwa mchezo. Wengine wakaanza kuitikia kwa vichwa. Hakuna aliyekuwa na chuki, Dada. Hilo ndilo lililonimaliza. Watu wapole, wenye akili, waliopewa mahali pa kujificha palipo salama, walishindwa kulitamka hata kwa amri ya sarafu. Barthélemy akafuta ubao. Akasema hatukupata kitu, na mjadala umefungwa.

Sasa nikuambie nililomficha kila mtu ukumbini. Mimi pia nilirusha. Alitokea nyumbu. Sarafu iliniamuru niandike "Ndiyo", na hata ungetokea upande wa pili, "Ndiyo" ndiyo ingekuwa kweli yangu. Nikaandika "Hapana", kwa mwandiko mzuri. Yule mmoja aliyetakiwa kupatikana alikuwa mimi, na mimi ndiye niliyemfuta kwanza.

Huku hakuna anayemjua Gosbert. Naishi kama mwanamke mwaka wa tatu huu. Laurette ndiye anayenisuka. Barthélemy ananiita mademoiselle, yaani binti. Ndiyo maana siwashi kamera. Nilikuwa nangoja namba inisemee kwanza kwao, kisha nipate nguvu ya kukuambia wewe. Namba haikusema. Sitarudi Jumamosi hii, na sidhani nitarudi tena.

Pasaka uliponisimulia habari za mtoto wa jirani, yule wa kiume aliyeanza kuvaa magauni, ulisema angekuwa ndugu yako ungemwekea matanga akiwa hai. Sikuandikii nikitegemea umebadilika. Nimechoka tu kusikia ukimwombea mtu ambaye hayupo.

Msalimie mama. Usimsomee hii. Watoto wape mabusu yangu, waambie lolote upendalo juu ya mjomba wao. Marwa atakaa huko hadi Agosti, akirudi bila kitu mkononi nitaelewa na sitamuuliza. Lakini ukiamua kuandika, nakuomba usimwandikie Gosbert. Hatakuwepo wa kuifungua.

Ni mimi, mdogo wako wa kike,
Irene