Reli ya Shemeji Clement

Marsh Ottering,
9 Septemba

Mpendwa dada Enid,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti limepata nafuu na joto la Australia halikutesi huko kwa binti yako. Mimi mwili mzima, moyo ndio mchungu.

Nakuandikia habari za reli. Unajua marehemu mumeo Clement alivyopiga magoti miaka sita nyuma ya ukumbi wa kijiji, akilaza reli zenye upana wa kiganja huku nikimchanganyia saruji. Alitaka kila mtu akinywa chai yake aone treni ndogo ya mvuke wa kweli. Jumapili za kiangazi watu walifurika, na Bi Pamela Frobisher, mwenyekiti wa kamati, aliuza keki pale pale akimsifu Clement kwa kila mnunuzi.

Shukrani ya punda ni mateke. Mwezi Mei Pamela alinijia na chupa ya jemu, akayasifia mawaridi yangu nusu saa nzima, ndipo akasema eti magari yamezidi, watu wanaegesha hadi makaburini, na je, ningeona vibaya kamati ikipatumia mahali pa reli kwa maegesho? Jumanne iliyopita tingatinga liliing'oa yote. Stesheni aliyoichonga mumeo nimeiokota vipande vipande.

Katika kadi niliyokutumia awali nilikwambia kamati wamenizunguka. Nilikudanganya, dada. Nilimjibu Pamela la hasha, sioni vibaya hata kidogo. Nilidhani atang'amua. Sisi tulivyolelewa, mtu akisema haoni vibaya, mwenzake hujua ameumia, humbembeleza tena. Yeye alinishukuru akaenda zake.

Hata mkutanoni, kijiji kilipoitwa kuamua, nafasi ya kuiokoa reli ilikuwapo. Mzee Barnaby wa posta alifoka kwamba huo ni upuuzi mtupu, magari yao wakayaegeshe kwa mama zao, na kwamba Wilfred akipinga, yeye na nusu ya ukumbi wanapinga. Wote wakanigeukia. Nikaona haya kuwa kero. Nikasema reli yenyewe imeshachakaa, kisha nikasimama kuwamiminia chai.

Clement alinishika mkono hospitalini akaniomba niilinde. Haikuvunjwa na Pamela. Niliivunja mimi, kwa adabu.

Nisalimie binti yako na wajukuu. Tafadhali nijibu, hata kama ni matusi.

Ndugu yako,
Wilfred