Treni Nyeusi ya Kamanda Xavier

Jumanne, 5 Juni 2001. Butembo

Nitaandika pole pole.

Asubuhi watoto wangu wa jardin, shule ya chekechea, walikuwa wanaimba, mara jeep mbili uani. Wanajeshi! Nikafikiri wamekuja kuchukua madarasa walale humo, kama walivyofanya shule ya jirani. Kumbe ni Kamanda Xavier mwenyewe, wa Beni. Jina hilo nalitafuna kila siku tangu Kupaa kwa Bwana, maana kambi yake ndiyo inayomshikilia mume wangu Kahongya. Alikuwa anapeleka maharagwe ya Kipese kwa lori. Kwenye barrière ya Beni, kizuizi cha barabarani, wanajeshi wakasema chakula hicho ni cha Mai-Mai, wapiganaji wa msituni. Wakachukua lori, wakachukua na dereva.

Kamanda akazunguka darasa, akasimama mbele ya rafu yangu. Hapo ndipo ninapopanga malori yangu ya vitofali — vile vya plastiki vinavyopachikana, masista walituachia kabla ya vita. Nina Fuso, nina Benzi yenye turubai. Kahongya huniita injenieri wa plastiki. Kamanda akaichukua Fuso, akaigeuza tumbo juu, akachungulia magurudumu.

— Njo weye ulifanya hii?
— Njo miye, Kamanda.

Akasema yeye ni mtoto wa Kamina, kule Katanga. Baba yake aliendesha treni ya moshi mpaka akazeeka. Binti yake Elikia hajaona treni hata siku moja. (Mimi pia! Sikusema.) Halafu sijui nguvu niliitoa wapi, nikamwambia mume wangu yuko kwake, kwenye kontena wanamofungia watu. 

— Unitengenezee mashini ya baba yangu. Nyeusi. Yenye mikono ya kutembea pembeni. Ikikuwa njo yenyewe, utarudia na bwana yako.

Akaondoka na Fuso yangu kwapani. Hakuniuliza hata.

Jumatano, 6 Juni

Treni! Mtu wa mji huu anajua lori, anajua ndege, anajua chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Reli ataiona wapi?

Nimeenda kwa Abbé Malachie, paroko wetu. Ana kitabu kinene cha Wabelgiji chenye picha za kila kitu. Treni ya moshi imo, picha ndogo kama kiganja, upande wa kushoto peke yake. Upande wa kulia anaujua Mungu. Nimeichora kwenye karatasi ya miraba: kitofali kimoja, mraba mmoja.

Shida ya kwanza: pipa la maji la treni ni duara, na vitofali vina pembe. Nimejaribu safu nyembamba chini, kisha pana, pana tena, nyembamba juu. Ukisimama mbali na kukunja macho, linaviringana. Ukikaribia, ni sanduku.

Mama mkwe amenikuta sakafuni katikati ya plastiki. Akauliza kama huzuni imenipanda kichwani. Nikamweleza. Akavua viatu, akakaa, akaanza kunichagulia vyeusi. Ni vichache mno.

Ijumaa, 8 Juni

Aibu! Heri imenipata nyumbani na si Beni.

Nilikuwa nimemaliza sehemu ya chini na najisifu moyoni. Magurudumu ya mbele yanageuka kushoto na kulia, sawa na ya Fuso. Ndani, mahali pa dereva, nimeweka hata volani, usukani wa njano. Nikamwita Ngalula aje aone. Ngalula ni jirani yangu, Mkasai, serikali ilimtuma huku kwa kazi ya état-civil, kuandikisha vizazi na vifo, kabla barabara hazijafungwa. Amezaliwa kando ya reli. Alitazama, akashika ukuta, akacheka mpaka akakohoa.

— Florentine! Treni haina volani! Dereva hapana kata kona. Reli njo inakata kona, yeye anafuata tu.
— Na akitaka kukwepa shimo?
— Shimo gani, mama?

Dereva gani huyo asiyechagua njia? Kahongya angekataa kazi ya namna hiyo siku ya kwanza.

Akasimama uani kunionyesha ile mikono. Viwiko nje, anasukuma, anavuta, anapuliza mashavu. Upande mmoja ukiwa mbele, wa pili uwe juu, ameniambia, zisipopishana mashini inaweza kugoma kuondoka. Kitenge kikamfunguka, akaendelea tu. Nilicheka! Mara ya kwanza tangu wamchukue. Halafu nikajichukia. Yeye kwenye kontena, jua la Beni juu ya bati, mimi nacheka.

Nimebomoa yote. Nilikaribia kumpelekea mtoto wa dereva wa treni mashini yenye volani! Angesema namdhihaki baba yake.

Jumapili, 10 Juni

Baada ya misa Abbé ametangaza: walioondoka na vitofali vya jardin mifukoni, miaka yote, wavirudishe. Hakuna atakayeulizwa. Kanisa zima lilicheka, na wengi walitazama chini.

Tangu saa sita mlango haufungwi. Vinaletwa kwenye bahasha, kwenye kopo la maziwa, kimoja kina alama za meno. Kijana mwenye ndevu zake, mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kabisa, ameleta cheusi kirefu na kusema « Pardon, madame » kama mtoto. Nimemkumbatia.

Lakini sasa mji mzima unajua. Falonne naye amekuja, yule anayeuza mafuta ya mawese. Kaka yake yuko kwenye kontena lilelile. Hakuleta kitu. Akasimama mlangoni, akatazama mashini.

— Na batu betu? Siye hatujue kutengeneza treni.

Nilimkaribisha chai, akakataa. Nimeumia kuliko ningetaka kukiri.

Vyeusi havijatosha. Nitapaka siraje ya viatu juu ya vyekundu.

Jumatano, 13 Juni

Imekwama! Gurudumu la kwanza linazunguka, la pili linagoma, la tatu linavuta kinyume. Nimeisukuma kwa nguvu, mkono umechomoka na kuruka chini ya kabati. Nimetukana, mbele ya mama mkwe, na sijatubu.

Sababu ni habari za Kambere. Ni dereva, rafiki wa Kahongya, amefika kutoka Beni. Anasema kambini wanafunga mizigo. Kamanda Xavier anatumwa mstari wa mbele, upande wa Kanyabayonga. Lini? Hajui. Kesho, ao wiki ijayo. Akienda, atakuja mwingine, ambaye hana baba wa treni. Nitamletea nini huyo?

Baadaye

Nimeona kosa! Kitu cha kijinga kabisa. Kule kwenye gurudumu la katikati mkono niliupachika kwenye tundu jingine. Upande mmoja, matundu ya magurudumu yote lazima yatazame pamoja, ndipo mkono uyashike. Nimehamisha, nimesukuma kidogo… Inakwenda! Mikono inakwenda mbele, inarudi, inakwenda, kama mwanamke anayekanda unga. Mama mkwe amepiga makofi. Mimi nimelia, na kamasi yote.

Ijumaa, 15 Juni. Beni

Nimefika. Treni iko kwenye beseni, imefungwa kwa kitenge. Nimeipakata njia nzima nyuma ya pick-up, mashimo yote nimeyapokea kwa makalio.

Barrière ya mwisho. Mwanajeshi mdogo, macho mekundu.

— Mama, ni nini? Bombe?
— Ni treni.
— Treni gani huku?

Akafunua. Akanyoosha kidole kwenye bomba la moshi. Nikasema ni ya Kamanda Xavier, akakivuta kidole upesi kama amegusa jiko. Wenzangu garini walicheka. Mimi nikaifunga upya.

Nalala kwa Syauswa, binamu wa Kahongya. Gari lake liko nyuma ya nyumba, limekufa. Hapana, halijafa! Amening'oneza kwamba wenye magari wote hapa wanang'oa pompe ya mafuta na kuificha kwenye gunia. Wanajeshi wakija kuchukua, wanasukuma, wanatukana, wanaacha. Akaitazama treni yangu mezani.

— Na weye unamupelekea yote mara moya?

Kisha nikang'oa mikono ya upande wa kulia. Nimeifunga ndani ya kilemba.

Jumamosi, 16 Juni. Beni, kwa Kamanda

Naandika kwenye benchi la korido. Kamanda yuko chumba cha pili, kwenye phonie, redio ya jeshi, anapiga kelele na watu wa mbali. Nisipoandika nitapiga mayowe. Donc, naandika.

Alinipokea mwenyewe. Nikafunua kitenge. Akalishika pipa, pole pole. Alipoondoa mkono, siraje ilikuwa imempaka vidole. Akavitazama. Akasema baba yake alirudi nyumbani na mikono hiyohiyo, na mama yake alimfukuza kwenye bukari, ugali wao, mpaka anawe. Binti yake Elikia akacheka — mtoto mzuri, amepoteza meno ya mbele. Mungu anisamehe, kwa dakika ile nilimpenda mtu huyu.

Halafu akaisukuma. Akaona mikono inavyotembea, akatoa sauti ndogo kooni. Akaigeuza. Upande wa kulia mtupu.

— Mukono ya huku iko wapi?
— Niko nayo, Kamanda. Nipe bwana yangu, nitaiweka mbele yako.

Mwanajeshi wa mlangoni alisogeza bunduki. Uso wa Kamanda ulikunjamana. Nikajua nimejiua. Kisha akacheka, kifupi.

— Batu ba Butembo! Hata na miye munafanya biashara!

Akamtuma mwanajeshi amlete Kahongya. Mwanajeshi alikawia. Alikawia sana. Akarudi peke yake, akapiga saluti.

— Mon commandant, ule Kahongya, iko mufupi ao murefu?

Kamanda hakunitazama.

— Murefu, akasema.

Kahongya ananifikia begani! Kila mtu anatutania.

Wamemleta mtu mrefu. Miguu mitupu, ndevu, mdomo umepasuka. Simjui. Kamanda akasema: « Ule pale. Weka mukono. » Hapo phonie ikamwita. Akaondoka akisema akirudi akute mashini imetimia. Elikia anaiendesha sakafuni, inakwenda moja kwa moja mpaka ukutani, anaigeuza, inarudi.

Mrefu ameketi pembeni yangu. Amenong'ona kwa Kinande, lugha yetu. Anaitwa Salomon, mtu wa Kasugho, walimshika njiani akitoka shambani. Anamjua Kahongya, walilala bega kwa bega kwenye kontena. Kahongya aliwaambia mke wake anatengeneza Fuso za plastiki, wakadhani ni njaa inasema. Jumanne walimtoa. Wakamrudishia lori lake, wakalijaza askari, wakamwamuru aendeshe upande wa Kanyabayonga. Alikuwa mzima, Salomon ameapa. Hajarudi.

Jumanne! Mimi Jumanne nilikuwa napaka siraje.

Na waliobaki kontenani, anasema, wanapelekwa leo mchana kubeba masanduku ya risasi huko huko mbele. Kisha akasema: « Mama, sema bwana yako ni miye. » Hakunishika mkono, hakulia.

Nina hasira naye! Na urefu wake, na kukaa kwake hapa akipumua mahali ambapo Kahongya angekaa. Nikiiweka mikono, Kamanda atakuwa amelipa. Nitamdai nini tena? Nikikataa, huyu anarudi kontenani, na mume wangu bado yuko njiani na askari mgongoni. Kamanda mwenyewe anaondoka. Nimegeuza kila upande, kama ile picha ya Abbé, naona upande mmoja tu.

Nilimletea Kahongya sweta yake ya bluu, kwa baridi ya kupanda Butembo. Nimeitoa kwenye beseni. Nimemwambia Salomon avae. Ameniangalia kwanza, ndipo akavaa, upesi.

Elikia amesimamisha treni, anatuangalia.

— Mama, njo bwana yako?

Phonie imenyamaza. Viatu kwenye sementi. Navuta mikono ya sweta ifike angalau kwenye viganja vyake, inaishia katikati, navuta tena, na Kamanda anakuja