Mhitimu Wao wa Kujivunia

Joleen, niko kwenye maegesho ya chuo hapa Dayton, nimejaa hasira.

Kile kikao cha kutangaza kozi ya haraka ya uuguzi, ya sisi wenye digrii nyingine, nimeenda. Nikamuuliza yule mama wa usajili: wangapi wanafaulu mtihani wa leseni? Huku anatafuna donati: "Mpenzi, tusiharibiane asubuhi."

Mpenzi!! Tumejuana wapi?

Akamsimamisha Trent, mhitimu wao wa kujivunia. Makofi. Nikamuuliza, "Uko hospitali gani?"

Akanijibu:

"Leseni bado. Niko hapa hapa, ofisi ya usajili. Mimi ndiye niliyekuwa nakupigia simu uje."

HAPA HAPA, Joleen! Matapeli wakubwa!

Na mimi ualimu nimeshauacha jana, kwa maneno ya huyo huyo Trent kwenye simu.