Mgeni Aliyejua Majina ya Baba

Holili, 9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Miguu yako inaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa?

Naandika kwa karatasi na kumpa Maulida, anayekuja Marangu kununua ndizi, kwa sababu nikipiga simu anapokea huyo Hosea wako. Jana kaniambia, "Dada, mae amepumzika. Nimpe ujumbe gani?" Tangu lini naacha ujumbe kwa mama yangu? Na hilo "mae" la Kichagga ni neno langu mimi, mwanao. Nani kampa?

Unasema anakamua, ametengeneza bomba, anakuchekesha. Amekuja juzi, miezi miwili tu. Simu nilinunua mimi, na sijawahi kukusikia ukicheka ndani yake. Tafadhali ikae mfukoni mwako, na namba ya siri asiijue mtu.

Binti yako,
Priska

Marangu, 20 Machi 2024

Mwanangu Priska,

Marahaba. Miguu inauma asubuhi tu. Ng'ombe amezaa jike. Hosea ndiye aliyemvuta ndama, wewe ungekimbia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Una wivu. Hata ukiwa mdogo, nikimpa mtoto wa jirani uji ulikuwa unaumwaga.

Hosea si mtu wa kuokotwa barabarani. Siku ya kwanza alinisalimia kwa Kichagga chetu cha Vunjo. Akamtaja marehemu baba yako kwa majina yote matatu, na mwaka aliozaliwa, akasema baba yake na baba yako walibeba mizigo pamoja mlimani. Mtu wa hivyo nimfungie mlango?

Wiki iliyopita alikuja na mwenzake mwenye kimashine. Nikaweka kidole mara kadhaa, niandikishwe mbolea ya bei nafuu. Walikuwa na adabu sana. Hosea akaniletea na sukari. Wewe mara ya mwisho kunywa chai hapa ilikuwa lini?

Mama yako

Holili, 6 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi ndama ni jike. Mimi sijambo, ila usingizi umepungua.

Yote aliyokutajia yameandikwa kwenye kaburi la baba, hapo kwenye migomba, hatua kumi kutoka mlangoni. Majina matatu, mwaka, "mpagazi wa mlima kwa miaka thelathini". Niliyaandikisha mimi. Binamu zangu walimwekea baba yao marumaru, nikataka la kwetu liwashinde kwa maneno. Sasa kila mpita njia anayasoma.

Muulize kitu ambacho hakipo pale. Baba alikuwa na vidole vingapi vya miguu? Kile kidogo cha kushoto kilikatwa kwa sababu ya baridi ya mlimani, na wapagazi wenzake wote walimtania. Mtoto wa mwenzake angekuwa amesikia.

Na kidole chako uliweka mara ngapi? Kujiandikisha mara moja kunatosha. Mara nyingi ni laini nyingi za simu kwa jina lako.

Ndiyo, nina wivu. Hilo halimfanyi yeye kuwa mwema.

Priska wako

Holili, 3 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Wiki nane hujanijibu, na Maulida anasema ukimwona unaingia ndani.

Leo asubuhi alikuja kibandani kwangu mama mmoja anayeuza maharage. Simu ilikuwa bado sikioni. Mtu alikuwa amempigia kwamba mwanawe amepata ajali, hospitali haimshiki bila malipo, atume upesi na asikate simu. Nikaingiza namba aliyopewa. Kama ujuavyo, sisi mawakala wa pesa za simu kabla ya kuthibitisha tunaonyeshwa jina la mwenye laini. Likatokea lako: AIKAELI NDELILIO.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikamwambia, "Mama, kata hiyo simu. Mpigie mwanao." Mwanawe akapokea, yuko shambani anapalilia.

Huyu nimemzuia. Wengine wametuma, na polisi wakifuata hiyo namba watafika kwako, si kwa Hosea. Chukua kitambulisho, umfuate mwenyekiti wa kijiji, mwende polisi kabla hawajaja wao. Waombe waangalie ni laini ngapi zina jina lako. Hosea asijue.

Mara hii moja, mama, nichague mimi.

Priska

Marangu, 15 Juni 2024

Mwanangu Priska,

Marahaba. Miguu bado, ila natembea.

Nilikwenda na mwenyekiti siku ile ile niliyopata barua. Laini saba. Sita zimefungwa, imebaki yangu. Nimetoa maelezo kurasa nne. Hawajaniambia kama wataniita shahidi au vinginevyo. Kanisani wameshajua, Jumapili benchi langu nilikaa peke yangu.

Hosea walimkamata Jumatano, akiwa na ndoo ya maziwa mkononi. Afande akaniuliza, "Mama, huyu ni nani wako?" Hosea akawahi, "Ni mama yangu, afande." Nikasema, "Mtoto wangu ni mmoja, anaitwa Priska, yuko Holili, na ana wivu." Afande akaandika yote, hata wivu.

Sasa nikwambie kwa nini sikukujibu. Habari ya vidole nilimuuliza, Aprili ile ile. Akacheka. "Kumi, mae, kama mtu yeyote." Nilijua hapo hapo. Kesho yake akaja kukamua, nikampa kikombe cha uji kama kawaida. Miezi miwili, Priska. Kuna watu walituma pesa kwa jina langu katika miezi hiyo, na mimi nilikuwa nasikiliza mtu akiniambia habari za mjini.

Afande hilo sijamwambia. Jumatatu nitarudi nimwambie, na sitaki kwenda na mwenyekiti. Maulida anakuletea hii leo hii. Njoo kesho, tulale, twende wote.

Mama yako