Mikojo ya njano ya Papa Neema

Kirolirwe, siku ya tano ya juma

Na ile chupa ya mikojo, bwana yangu Papa Neema aliibeba mbele ya watu wote ku kituo cha afya.

Ameacha dawa ya tension, ile presha ya damu. Anameza vitamine B ya soko tu, juu inamufanya akojoe njano kabisa. Anasema ile njano njo tension inatoka.

Infirmier, muuguzi wa pale, aliangalia ile mikojo. "Papa, hii ni vitamine unakojoa. Haizuii moyo kusimama, haizuii kupooza. Rudilia dawa." Bwana yangu akakataa.

Basi na miye nikameza vitamine, nikamuonyesha yangu, njano vilevile. "Miye sina tension. Kwangu inatoka nini?"

Akanishika mukono na huruma. "Mama Neema, kumbe na weye ulikuwa mugonjwa."

Amenigawia vidonge vyake vya vitamine. Naogopa kubakia mujane mwenye mikojo mizuri.