Risiti za Marehemu Lewa

Janet, uko? Natoka dukani kwa Kahonzi hapa Junju.

Si wajua sheria ya sasa, kila mwenye biashara lazima atoe risiti ya kodi kwa simu? Leo ndiyo katoa ya kwanza. Mwalimu Cherop kanunua rangi, akaisoma risiti kwa sauti: "Umeuziwa na Lewa Mwaringa."

LEWA, Janet! Mume wa Kahonzi tuliyemzika Ganze! Biashara bado imeandikishwa kwa jina lake.

Kahonzi akasema tu, "Hebu soma tena, mwalimu."

Nikamsindikiza ofisi ya kodi, Kilifi. Karani, kijana mpole, akasema, "Pole, mama. Tutaandika jina lako, ila kwanza tufunge la marehemu. Tumfunge?"

TUMFUNGE! Kahonzi akainuka. "Si leo, mwanangu."

"Lakini mama, kodi itazidi kumwandama yeye."

"Na imwandame. Ninyi tu ndio mliobaki mnamwita kwa jina."

Tukarudi Junju. Nilidhani anarudi kufunga duka. Kumbe kajiuzia msumari mmoja mwenyewe, na nimemwacha kaiinamia simu, angoja lile jina litoke kwenye risiti.